Dhamira Haiokotwi Kwenye Desa: Namna ya Kuitafuta Hatua kwa Hatua

Mwezi wa sita na wa saba, Mbeya ikiwa na baridi ya kung'ata, wanafunzi wangu wa twisheni huingia wamevaa masweta mawili mawili na madaftari yao yamejaa orodha. Orodha ni ileile kila mwaka: ukombozi, ujenzi wa jamii mpya, nafasi ya mwanamke, suala la mapenzi, rushwa, umuhimu wa elimu. Uliza riwaya yoyote, tamthiliya yoyote, utajibiwa kwa maneno hayohayo, labda kwa mpangilio tofauti. Siwalaumu. Hata mimi nilipita hivyo hivyo. Nikiwa kidato cha tano niliandika insha ya kurasa nne juu ya kitabu ambacho sikukimaliza, nikapata 6 kati ya 20, na pembeni mwalimu ameandika kwa wino mwekundu: "Kitabu gani hiki?" Swali lilikuwa la haki. Insha ile ingefaa kitabu chochote.

Kwa hiyo siku ya kwanza nawaambia wafunge madaftari, nawasomea hadithi ambayo haimo katika desa lolote (yaani muhtasari wa kukariri kwa ajili ya mtihani) kwa sababu niliitunga mwenyewe. Nawe isome hapa kabla hatujaendelea, maana hatua zote nitakazoeleza nitazijaribia humu. Inaitwa "Kilemba".

*

Mama Sekela alikuwa na ekari moja ya viazi, juu kidogo ya Uyole. Siku ya kuvuna dalali alifika na vijana wawili na sindano ya kushonea magunia. Kila gunia lilipojaa, vijana waliliongezea kipande cha wavu juu, wakajaza tena, wakashona kwa kamba ya katani.

"Limevaa kilemba," alisema dalali akicheka.

Mama Sekela naye akacheka, akamletea chai ya maziwa. Magunia kumi, hela ya magunia kumi.

Sekela, wa kidato cha pili, alikuwa kizingitini akihesabu kwa vijiti. Usiku, wakimenya ndizi jikoni, alisema, "Mama, leo tumeuza magunia kumi na manne. Tumelipwa kumi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu hujazaliwa. Chochea moto."

Wiki iliyofuata Sekela alianza kukaanga chipsi pale kituoni akitoka shule. Viazi alinunua kwa Bibi Subilaga, ambaye macho yalikuwa yameanza kumfifia. Walipatana bei ya debe moja. Sekela alijaza debe, akaligonga chini mara tatu viazi vikae, akaongeza, akaongeza tena, mpaka kikasimama kichuguu juu ya mdomo wa debe. Akakizuia kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akatoa hela.

Bibi Subilaga akapapasa juu ya debe, polepole, kama anayepapasa kichwa cha mtoto.

"Ndaga, Sekela," alisema. "Umekua."

*

Nikimaliza kusoma huwa nauliza: dhamira ni nini? Mikono hupanda haraka. "Unyonyaji wa wakulima." "Lumbesa, mwalimu," yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Mwaka fulani kijana mmoja alisema "umuhimu wa elimu", kwa kuwa Sekela yuko kidato cha pili na anajua hesabu. Tulicheka, lakini nilimshukuru, maana alituonesha desa linavyofanya kazi: unachukua neno lililo mfukoni, unatafuta mahali pa kulibandika.

Kwanza, nyoosha maneno

Kuna maneno matatu yanayogongana vichwani mwa wanafunzi. Mada ni jambo linalozungumzwa: biashara ya viazi, ndoa, vita. Dhamira ni wazo ambalo kazi inalijenga kuhusu jambo hilo. Ujumbe ni kile msomaji anachoondoka nacho kama funzo au onyo, na mara nyingi huzaliwa na dhamira. Mada unaweza kuitaja baada ya ukurasa wa kwanza. Dhamira huwezi kuisema kwa uhakika mpaka umalize ukurasa wa mwisho.

Neno lenyewe nalo lina mtego. Nyumbani tunasema "ana dhamira ya kujenga", yaani ana nia. Ndiyo maana wanafunzi wengi huanza kujiuliza mwandishi alikusudia nini, kana kwamba tunaweza kumpigia simu. Na ukisoma vitabu vya uhakiki vya Kenya utachanganyikiwa zaidi, kwa sababu wenzetu kule hutumia "maudhui" kwa kile tunachokiita dhamira, na "dhamira" wakaiachia lengo la mwandishi. Hapa kwetu maudhui ni mfuko mzima: dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo, mtazamo, falsafa. Ukijua hilo mapema hutagombana na kitabu.

Tofauti ya mada na dhamira naionesha kwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, maana hakuna mtoto wa Iringa asiyemjua. Agosti 1891, pale Lugalo, wapiganaji wake walikivunja kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski. Mwaka 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka. Mwaka 1898, akiwa amezingirwa, akajiua ili asikamatwe. Fuvu lake likachukuliwa, likarudishwa 1954, na sasa liko makumbusho ya Kalenga. Hiyo yote ni mada moja. Sasa wape waandishi watatu. Wa kwanza anamaliza tamthiliya yake jioni ya Lugalo, watu wakishangilia: hapo dhamira inaelekea kwenye nguvu ya wanyonge walioungana. Wa pili anamaliza 1898, mtu peke yake na bunduki yake porini: hapo tunasikia juu ya bei ya kukataa kutawaliwa, na nani anailipa. Wa tatu anaanza na sanduku la fuvu linalofunguliwa 1954, na mzee mmoja pembeni anauliza moyoni kama kweli ni lenyewe: hapo tumeingia kwenye kumbukumbu, na namna watu walioporwa wanavyohitaji kitu cha kushika. Mtu ni yuleyule, na tarehe ni zilezile. Kilichobadilika ni mahali hadithi inapoanzia na inapoishia, na vitu ambavyo mwandishi amevisogeza karibu na macho yetu.

Soma mara mbili, ya kwanza bila kalamu

Hapa sina maneno mengi. Mara ya kwanza soma kama mtu anayesikiliza hadithi jikoni: cheka, kasirika, shangaa. Ukimaliza andika sentensi moja tu juu ya mahali palipokugusa au kukuudhi. Mara ya pili ndipo ushike kalamu. Wanaoanza na kalamu huishia kupigia mstari kila kitu, na kitabu kinageuka shamba la wino.

Tafuta aliyebadilika, na kilichombadilisha

Hii ndiyo hatua ninayoitegemea kuliko zote, na kama una dakika kumi tu za mtihani, tumia saba hapa.

Chukua mhusika mmoja mmoja, uulize: aliingia akiwa nani, ametoka akiwa nani? Katika "Kilemba", dalali alikuja na sindano, akaondoka na viazi, hakubadilika. Mama Sekela alijua tangu mwanzo, akabaki anajua. Bibi Subilaga anajua jambo moja jipya, nalo tutalirudia. Aliyegeuka kabisa ni Sekela. Mwanzoni anahesabu vijiti kwa uchungu wa aliyeibiwa. Mwishoni anagonga debe mara tatu.

Uliza tena: nini kilimgeuza? Wengi hukimbilia kusema dalali. Ni kweli alionesha njia. Lakini rudi kwenye mazungumzo ya jikoni. Mtoto ameleta hesabu yake, amesema ukweli, akajibiwa "Najua", halafu "Chochea moto". Hapo ndipo hadithi inapokunja kona. Kama mama angekasirika, au angalau angesema "hatutafanya hivyo kwa mtu", Sekela angekuwa na njia mbili za kuchagua. Alibaki na moja.

Sasa tazama jinsi "unyonyaji wa wakulima" ulivyopungua nguvu. Haujafutika. Umo, na kwa mtu wa Uyole au Makambako hauhitaji kuelezwa. Ila ingekuwa ndiyo dhamira kuu, hadithi ingeishia lori likiondoka. Haikuishia hapo. Mwandishi, ambaye kwa bahati mbaya ni mimi, amepoteza aya mbili nzima kumpeleka msichana kwa kikongwe mwenye macho mabovu. Aya ambazo dhamira yako haizihitaji ni dalili kwamba dhamira yako ni fupi kuliko hadithi.

Kuna kazi ambazo hakuna anayebadilika. Basi uliza nani alipata nafasi ya kubadilika akaikataa, au ni msomaji ndiye aliyelazimishwa kumwona mtu yuleyule kwa jicho jingine. Swali linabaki lilelile, limegeuzwa tu.

Kamata kinachorudi

Waandishi hurudia vitu kwa makusudi: kitu, rangi, neno, ishara ya mkono. Katika hadithi yetu kuna kilemba juu ya gunia, kisha kichuguu juu ya debe, kisha mkono unaopapasa kama unapapasa kichwa. Vyote vitatu viko juu ya kipimo, pale penye ziada. Na kilemba kwa kawaida ni vazi la heshima, huvaa bwana harusi, huvaa shehe. Dalali ameiba na kuupa wizi jina la heshima. Ukiona hivyo, jina la hadithi linaanza kusema: tunazungumzia dhuluma iliyovishwa mzaha na adabu mpaka mtu anaona vibaya kuilalamikia.

Jina la kazi liangalie siku zote, ila usilipe cheo kisicholifaa. Lichukue kama mlango. Wapo waandishi wenye majina ya kejeli, yanayosema kinyume cha kitabu.

Andika sentensi, usiandike neno

"Rushwa" ni neno. "Mapenzi" ni neno. Hakuna anayeweza kukubaliana nawe wala kukupinga ukisema "mapenzi". Dhamira iandike kwanza kama sentensi kamili ambayo mtu mwenye akili zake anaweza kuikataa. Hata kama swali la mtihani linataka kichwa kifupi cha hoja, anza na sentensi kwenye karatasi ya rafu, kisha ufupishe.

Jaribu la kwanza la darasa langu mara nyingi huwa hivi: "Dhuluma ni mbaya." Nani atapinga? Dalali mwenyewe atakubali, huku anashona. Sentensi hiyo ni sahihi na haina kazi.

Jaribu la pili: "Wakulima wanadhulumiwa na madalali." Hii ni taarifa ya habari. Ni kweli, lakini inaishia nusu ya hadithi.

Jaribu la tatu, alilolitoa msichana mmoja wa kutoka Tukuyu baada ya kukaa kimya kipindi chote: "Aliyedhulumiwa akikosa mtu wa kumwambia kwamba dhuluma haikubaliki, anaweza kuiona kuwa ndiyo ukubwa." Nilinyamaza kidogo. Hii mtu anaweza kuipinga. Anaweza kusema si kweli, wapo wengi walioibiwa wasiibe. Na ndipo unapolazimika kurudi kwenye hadithi kutafuta ushahidi. Tazama pia alivyoipachika "ukubwa": amelichukua neno la mwisho la Bibi Subilaga, "Umekua", akaligeuza kuwa moyo wa sentensi. Hilo halimo kwenye desa.

Usiandike sentensi yenye majina ya wahusika. "Sekela alimwibia bibi" ni muhtasari wa tukio. Ukitoa majina na sentensi ikabaki imesimama, umefika.

Ijaribu kwa kile kinachoikataa

Sentensi ikishapatikana, watu hupumzika. Usipumzike. Rudi kwenye kitabu utafute sehemu inayoipinga, si inayoiunga mkono. Kuna mhusika anayekwenda kinyume? Kuna tukio ambalo sentensi yako haiwezi kulieleza? Kama lipo, aidha upanue sentensi au ukubali kwamba hiyo ni dhamira ndogo, kuna kubwa zaidi juu yake.

Katika "Kilemba" kikwazo ni Bibi Subilaga. Kama hadithi ni juu ya dhuluma kurithiwa, mbona bibi hakulalamika? Macho yamefifia lakini mkono umekiona kichuguu. Anashukuru, "Ndaga". Je, naye ni Mama Sekela mwingine, amenyamaza kwa mazoea? Au "Umekua" ni sindano, inayochoma zaidi ya ile ya dalali? Mimi naelekea kwenye sindano. Lakini msomaji mwingine akinionesha mstari unaompa haki, nitamsikiliza. Dhamira hutetewa kwa mistari ya kitabu, hata mwandishi hana kura ya turufu.

Weka ushahidi mezani

Mitihani yetu hupenda kudai hoja tatu kutoka kila kitabu, na hapa ndipo alama zinapomwagika. Aya ninayosahihisha kila wiki inasomeka hivi:

"Mwandishi ameonesha unyonyaji. Kwa mfano dalali anamnyonya Mama Sekela. Hali hii ipo katika jamii yetu ya sasa."

Mstari wa mwisho huo, sijui nani aliuanzisha. Ungebaki vilevile katika insha ya kitabu chochote kile. Linganisha na hii:

"Kazi inaonesha kwamba ukimya wa wazazi huwafundisha watoto kuikubali dhuluma. Sekela anapomweleza mama yake kwamba wamelipwa magunia kumi badala ya kumi na manne, mama anajibu 'Tangu hujazaliwa. Chochea moto.' Jibu hilo halikanushi wizi, linauweka mahali pamoja na kazi za kawaida za jikoni. Wiki moja baadaye Sekela anamfanyia Bibi Subilaga jambo lilelile kwa debe."

Ya pili ina dai, ina maneno ya kitabu, ina maelezo ya namna maneno hayo yanavyofanya kazi, na ina kiungo kwenye tukio jingine. Maelezo ndiyo wanafunzi huyaruka. Hunukuu, kisha hukimbia. Baada ya kila nukuu jiulize: neno gani humu ndani linanisaidia? Hapa ni "Chochea moto". Likiondoka, hoja inalegea.

Dhamira ndogondogo zipange chini ya ile kuu kadiri zinavyoilisha. Unyonyaji wa mkulima, ukimya ndani ya familia, unyonge wa wazee: zote ni vijito vya mto mmoja. Ukizitaja kama vitu vitatu visivyojuana, umerudi kwenye orodha.

Ikiwa ni shairi au ngano

Shairi halina nafasi ya kumbadilisha mhusika kwa sura kumi, kwa hiyo uliza nani anasema, anamwambia nani, na sauti yake inageuka ubeti gani. Kibwagizo kitazame kwa makini: maneno ni yaleyale kila ubeti, lakini beti zilizotangulia huyaongezea uzito, na mara nyingine lililoanza kama sifa huishia kuwa kilio.

Ngano zina mtego wao. Bibi akimaliza kusimulia habari za Sungura huongeza funzo: "basi wanangu, msiwe wajanja." Lakini muda wote wa hadithi tumecheka na Sungura, tumemshangilia akimpiga chenga Fisi na Tembo. Funzo linalotamkwa na dhamira inayojengwa na hadithi zinaweza kuvutana. Ukikuta hivyo usifiche, uandike. Kwangu mimi wanyama hawa wadogo wanaoshinda kwa akili wanasema mengi juu ya wasio na nguvu, na mengi yake bibi asingependa kuyasema mbele ya watoto.

Zoezi

Ibadilishe "Kilemba". Sekela anajaza debe, kichuguu kinasimama, anakitazama, kisha anakishusha kwa mkono wake mpaka viazi viwe sawa na mdomo wa debe. Bibi Subilaga anapapasa, anasema yaleyale: "Ndaga, Sekela. Umekua." Andika sentensi mpya ya dhamira, kisha eleza kwa mistari michache kwa nini neno lilelile sasa lina maana nyingine.

Nilipotoa zoezi hili mwaka jana, kijana mmoja wa Mafinga alikataa kulifanya. Alisema mwisho hauna shida, shida iko mwanzoni.

"Mwalimu, toa ile chai ya maziwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mama anamwibiwa huku anamkaribisha. Ile chai ndiyo inamfundisha Sekela. Hayo mengine ni matokeo."

Mwenzake akamsahihisha, "Anaibiwa, siyo anamwibiwa," darasa likacheka. Mimi nilikuwa nimeshachukua kalamu. Nilikuwa nimeiweka chai ile ili tu dalali awe na kitu mkononi.